Nyani Aliyeniponza

Taarifa yenyewe ilikuwa na mistari minne. Ukurasa wako umeondolewa kwa kukiuka viwango vyetu kuhusu ukatili na uchochezi. Chini yake palikuwa na kijipicha cha posti iliyoleta balaa, na posti hiyo ilikuwa na maneno matano tu: "Ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni."

Kwanza nilicheka. Nilimwonyesha mwenzangu simu, naye akacheka hadi akakaa chini. Tukaanza kutafuta methali nyingine ambazo kwa kipimo hicho zingenipeleka jela. Dawa ya moto ni moto: kuchoma mali za watu. Samaki mkunje angali mbichi: ukatili kwa watoto. Mkuki kwa nguruwe mtamu: silaha, na kumtesa mnyama juu yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe: kutishia maisha. Tulicheka sana usiku ule. Asubuhi nilifungua simu ili niweke methali ya siku, kama nilivyofanya kwa miaka 6, nikakuta hakuna pa kuiweka. Hapo kicheko kikaisha.

Mtandao wenyewe sitautaja. Ni mmoja wa ile mikubwa, na kwa ninavyosikia kutoka kwa wenzangu, hata ungekuwa mwingine hadithi ingekuwa hiyohiyo.

Kazi ya ukurasa ilikuwa rahisi: kila asubuhi methali moja, maelezo ya sentensi mbili tatu, kisha watu wanaingia kwenye komenti. Waliokuwa wakiufuata walizidi 41,000. Waliniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki, nikazoea. Utamu wote ulikuwa kwenye komenti. Siku niliyoweka "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", bwana mmoja alikuja juu: Mwalimu umekosea, ni "huona makuu". Bibi mmoja akamjibu kwa upole kwamba zote mbili zipo, halafu akaeleza kwamba guu ni mguu uliokuzwa makusudi, ili uchungu wa kuvunjika nao ukue. Sikuwahi kuifikiria methali ile hivyo. Ndani ya siku mbili komenti zilipita 300, kila mmoja na ya nyanya yake. Zile komenti sikuwahi kuzinakili popote. Ningezinakili kwa nini? Si zilikuwa pale?

Rufaa ilikuwa kitufe kimoja kilichoandikwa kwamba sikubaliani na uamuzi. Nikakibonyeza. Hapakuwa na mahali pa kuandika hata sentensi moja ya kusema "jamani, hii ni methali". Baada ya dakika 11 jibu likarudi: tumepitia upya, uamuzi wetu unabaki palepale. Nikatafuta barua pepe ya ofisi, jina la mtu, chochote chenye masikio. Kila kiungo nilichobonyeza kilinirudisha kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na langu halikuwemo. Nikabonyeza kitufe cha rufaa mara ya pili, jibu lilelile. Nilipokitafuta mara ya tatu kilikuwa kimeondolewa.

Leo, baada ya kukaa pia upande wa pili wa meza, nahisi hakuna binadamu aliyeisoma posti ile. Mashine za kuchuja hujifunza kutokana na maandishi ziliyolishwa, na lugha iliyolishwa kidogo husomwa kwa kubahatisha. Sasa chukua Kiswahili, ambacho kinaua kila saa. Mshambuliaji anaua mechi, msanii anaua jukwaa, mtu anasoma kichekesho anaandika "umeniua". Chini ya posti yangu ya nyani kulikuwa na watu wasiopungua kumi walioandika "Mwalimu leo umeua!" Mashine ilipohesabu, iliona genge limekutana linapanga kazi.

Wala si sisi peke yetu. Neno letu shahidi tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko kwenye asili yake lina maana kadhaa: aliyeuawa kwa ajili ya imani, aliyekufa kwa ajali au msiba, na ni jina la watu pia. Kwa miaka mingi Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilikuwa ikifuta posti zinazolitumia kwa mtu yeyote aliye kwenye orodha yake ya watu hatari, kana kwamba neno hilo daima ni sifa. Machi 2024 Bodi ya Usimamizi, chombo ambacho kampuni yenyewe ilikiunda kiyapitie maamuzi yake, ilisema neno hilo limesababisha maudhui mengi zaidi kuondolewa kuliko neno au kifungu kingine chochote, na ikataka katazo hilo la jumla lifutwe. Mwaka 2016 Facebook iliiondoa ile picha ya vita vya Vietnam ya mwaka 1972, msichana anayekimbia uchi baada ya kuunguzwa na bomu la napalm, kwa hoja kwamba ni picha ya uchi. Gazeti la Aftenposten la Norwei liliposhikilia kuichapisha, posti yake ikafutwa. Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Erna Solberg, alipoiweka kwenye ukurasa wake, naye akafutiwa. Picha ilirudishwa baada ya dunia kupiga kelele. Lakini mhariri wa Aftenposten alikuwa na ukurasa wa mbele wa gazeti zima wa kumwandikia Mark Zuckerberg barua ya wazi. Mimi nilikuwa na kitufe.

Nikiwa mkweli, ukurasa ule ulikuwa umeshanitoka mikononi zamani, kabla hata ya nyani. Mwaka wa kwanza nikiweka methali, walionifuata waliiona. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa na wafuasi mara kumi zaidi na posti inaonwa na wachache kuliko mwanzo, huku chini yake kukiwa na kitufe cha kunitaka nilipie ili iwafikie watu wengi zaidi. Wengi zaidi ni akina nani? Ni walewale ambao kwa hiari yao walisema wanataka kuniona. Basi nikaanza kujifunza tabia za algorithimu, ile programu inayoamua nani aone posti gani, kama mtu anayekaa na baba mkali. Usiweke kiungo cha kutoka nje, itakununia. Maliza kwa swali. Weka picha ya uso wa mtu. Andika mapema, jibu komenti haraka. Methali nyingine zenye maana nzito nilikuwa naziacha kwa sababu "hazitembei".

Na maneno nilishaanza kuyakata mwenyewe. Hili ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Hakuna aliyeniambia, niliona tu wenzangu wakiandika "ku-u-a" na "k*fa", nami nikafuata. Kuna siku niliandika maelezo ya methali moja nikasema mnyama "aliaga dunia". Mnyama wa kwenye methali! Aliaga dunia! Mtu aliyekaa miaka akifundisha wenzake kwamba Kiswahili kina neno kwa kila jambo, halafu analiogopa neno la kawaida la herufi nne. Bado niko katikati ya kulitafutia msamaha jambo hilo.

Wale walionipa pole waliniambia nimeonewa, kama vile mtandao ungekuwa na kawaida ya kutoonea. Mimi siku zile nilikuwa nasoma habari za wengine usiku na mchana, nikaona kwamba kuonewa ni sehemu ndogo tu. Walio kwenye Google+, mtandao wa kijamii wa Google, hawakukosa lolote. Kampuni iliamua tu kwamba basi, Aprili 2019 ikaifunga kwa watumiaji wa kawaida. Mwaka huohuo MySpace, mtandao wa zamani uliopendwa na wanamuziki, ilikiri kwamba katika kuhamisha seva zake, yaani kompyuta zinazohifadhi vitu vyake, ilipoteza muziki uliopakiwa kabla ya 2016, nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Hakuna aliyewachukia wanamuziki wale. Na Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa 6 kwa sababu ya kosa lililofanyika kwenye mitambo wakati wa matengenezo. Watu mabilioni, na swichi moja.

Lililonifungua macho hasa ni la Twitter. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watu wakaanza kuhama, wengi wakielekea Mastodon, mtandao usio na mmiliki mmoja. Desemba 18 mwaka huo Twitter ikatangaza kwamba ni marufuku kuweka viungo vya kuelekeza watu kwenye Facebook, Instagram, Mastodon na mitandao mingine kadhaa. Kelele zilikuwa nyingi mno, sharti lenyewe likafutwa karibu siku moja baadaye. Lakini walikuwa wameshasema. Mpangaji anaruhusiwa kuhama. Anachokatazwa ni kuwaambia wageni wake amehamia wapi.

Hicho ndicho nilichokipoteza mimi. Methali ninazo kichwani na kwenye madaftari. Watu 41,000 sikuwa na njia ya kumwambia hata mmoja wao "niko huku". Miaka 6 ya salamu za asubuhi, na anwani zao zote zilikuwa kwenye kabati la mtu mwingine.

Mapema 2023 nikafungua akaunti Mastodon. Niliposikia ni "mtandao huru" nilidhani nakwenda mahali pasipo na mkubwa. Nilipofika nikaulizwa swali la kwanza: unataka seva gani? Nikafunga, nikaenda kulala. Siku ya pili nikarudi, nikasoma, nikaelewa kwamba ni kama barua pepe. Anwani ina sehemu mbili, jina lako na jina la seva unayokaa, na aliye kwenye seva hii anamfuata na kumjibu aliye kwenye ile bila shida, kwa sababu seva zote zinaongea lugha moja, itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha Januari 2018. Programu yenyewe ilianzishwa na Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani, mwaka 2016. Ni programu huria, mwenye seva yake yeyote anaisimika. Kwa hiyo wakubwa wapo, tena maelfu, kila mmoja na nyumba yake.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya upweke, sitaki kudanganya. Hakuna algorithimu ya kukusukuma. Posti zinakuja kwa mpangilio wa saa, ya mwisho juu. Nilikuwa naweka methali napata laiki tatu, moja yangu mwenyewe kwa bahati mbaya. Marafiki niliowaelekeza kwa ujumbe walifika, wakaangalia kushoto na kulia, wakaondoka. Mmoja aliniandikia: "Mwalimu, huko kwenu ni mbali." Katika wale 41,000, walionipata hadi leo hawafiki 900. Wanaoandika kuhusu mitandao huru kana kwamba ni peponi huwa wanaruka hesabu hii.

Lakini katika wiki ya pili nilipata ujumbe. Mwenye seva aliniandikia mwenyewe, kwa jina lake, kunikaribisha, akaniuliza methali zangu ni za lugha gani. Nilikaa nikiutazama ujumbe ule. Miaka 6 kwenye ule mtandao mkubwa hakuna mtu wa nyumba aliyewahi kuniandikia neno, zaidi ya zile sentensi zilizopikwa za kuniambia nimefukuzwa. Dada huyu anaiendesha seva kwa michango ya wanaokaa humo, na kila mwezi anabandika hesabu: zimeingia hizi, zimetoka hizi, kinachokula zaidi ni kuhifadhi picha.

Baada ya miezi kadhaa akaja na ombi. Waswahili walikuwa wameanza kuongezeka kwenye seva, na ripoti za posti zao zilikuwa zinamfikia na hawezi kuzisoma. "Mwalimu, nisaidie kwa upande wa lugha." Nikakubali haraka mno. Nilijiona nakwenda kurekebisha yale yote niliyotendewa.

Wiki ya kwanza ilinishusha. Nilidhani kazi ni kulinda uhuru wa kusema. Kazi kubwa ni kufuta takataka. Februari 2024 wimbi la matangazo taka lilizipiga seva ndogondogo za mtandao huu, akaunti bandia zikifunguliwa kwa mamia kwenye seva ambazo milango yake ya usajili ilikuwa wazi, na mimi na dada yule tulikesha tukifuta. Siku nyingine ilikuja picha ya msichana iliyosambazwa na aliyekuwa mpenzi wake. Niliifuta kabla sijamaliza kusoma ripoti. Sikumwuliza mtu, sikuita kikao, na nikiulizwa leo nitafuta tena. Kwa hiyo yule anayesema anataka mtandao usiofutwa kitu, huwa namsikiliza kwa adabu, ila najua hajawahi kufungua foleni ile ya ripoti asubuhi.

Halafu akaja mtu ambaye nitamwita Bwana Vitendawili, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa chakula chake. Alikuwa fundi wa lugha kunizidi mimi. Shida yake ilikuwa moja: akikutana na mwanamke anayempinga, anageuza methali kuwa fimbo. Kila moja peke yake haina kosa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni"? "Debe tupu haliachi kuvuma"? Nani atafuta hiyo? Lakini alikuwa akimfuata dada mmoja kwenye kila posti yake, siku baada ya siku, methali juu ya methali, hadi yule dada akaacha kuandika. Mashine isingeona kitu pale, hakuna neno hata moja la kutisha. Mimi niliona. Nikafuta posti tatu na kumpa onyo.

Akanijibu usiku uleule: "Mwalimu, na wewe umekuwa kama wao?"

Sikulala. Nilimwandikia maelezo marefu, nikamtajia posti moja moja, tarehe, na kwa nini zikiwa pamoja zina maana ambayo zikiwa mbalimbali hazina. Nikamwambia asiporidhika amwandikie mwenye seva, hayuko chini yangu. Alimwandikia. Mwenye seva akasoma zote, akaniambia mbili nimefuta sawa, ya tatu nimemwonea, ikarudishwa. Alikuwa na haki. Ya tatu ilikuwa inamjibu mtu mwingine kabisa, sikuangalia vizuri.

Bwana Vitendawili hakutaka kubaki hata hivyo. Akafungua akaunti kwenye seva nyingine, akaingia kwenye mipangilio ya ile ya zamani, akaelekeza akaunti kwenda kwenye mpya. Nilikuwa naangalia. Wafuasi wake, kama 600, walianza kuhama wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja wao kubonyeza kitu. Orodha ya anaowafuata aliipakua kwenye faili na kuipakia kule. Posti za zamani hazihami, zinabaki kwenye seva ya mwanzo, na hilo ni pengo kubwa ambalo watu hawaambiwi mapema. Lakini watu wake wote waliondoka naye. Jioni alikuwa ameshaweka kitendawili kipya, na wote walewale wanampa mji.

Ningekuwa na kitufe hicho siku ya nyani, msingesoma haya.

Sasa msinielewe vibaya, nyumba hizi nazo zina nyufa. Mwenye seva akichoka, umekwisha. Mwaka 2023 seva ya mastodon.lol, iliyokuwa na maelfu ya watu, ilifungwa kwa sababu mwenyewe alichoshwa na kashfa na matusi aliyokuwa akirushiwa. Aliwapa watu muda wa kuhama, ni muungwana. Wa seva ya queer.af hawakupata bahati ya aina hiyo: herufi mbili za mwisho za anwani yao ni za Afghanistan, na Februari 2024 mamlaka za Taliban zikawanyang'anya jina. Ujumbe wa faragha nao si wa faragha kiasi hicho; haufungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, kwa hiyo msimamizi akitaka kuchungulia kwenye hifadhidata, anaweza. Dada yangu hachungulii, lakini namwamini yeye, siiamini mitambo.

Na kuna kutengana kwa seva. Asubuhi moja niliamka nikakuta watu kama thelathini ninaowafuata hawaonekani. Mwenye seva wetu alikuwa amekata uhusiano na seva yao nzima kwa sababu ya wahuni wachache ambao msimamizi wa kule hakutaka kuwashughulikia. Wangu hawakuwa na kosa. Nilikasirika, nikamwandikia maneno makali kidogo. Akanionyesha ushahidi, tukabishana hadharani mbele ya wanaseva wote kwa siku tatu, mwisho ikapigwa kura na seva ile ikabaki imekatwa. Nilishindwa. Nilikuwa na hiari ya kuhama kama Bwana Vitendawili, nikaona hasira yangu haifiki kiasi cha kuhama. Wale thelathini nawafuata kwa akaunti nyingine.

Lakini kukata huko ndiko kunakofanya mambo yaende. Mwaka 2019 Gab, mtandao uliojulikana kwa kukumbatia wabaguzi, ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Rochko hakuweza kuwazuia, programu huria ni ya kila mtu, hata usiyempenda. Kilichotokea ni kwamba seva nyingi ziliwafungia mlango, wakabaki wanaongea wao kwa wao. Hawakunyimwa kusema. Wengine tulikataa kuwasikiliza. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na nadhani ni kwa sababu kwenye mtandao wenye mwenye nyumba mmoja yamefungwa kamba moja: akikunyima wasikilizaji amekunyima na mdomo.

Akaunti kwenye mtandao mkubwa bado ninayo, ndogo, mpya, isiyo na chochote ila jina langu na mahali ninapopatikana. Sijui kama ni woga au akili. Shangazi zangu wako huko, na hawatahama kwa ajili ya itifaki.

Kila Jumapili usiku napakua kila kitu changu: methali, maelezo, orodha ya ninaowafuata. Komenti bado inanibidi nizinakili kwa mkono, moja moja, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Yule bibi wa guu lililokuzwa nimemtafuta kila mahali kwa jina nililokuwa nikilijua. Sijampata.

Mwezi uliopita iliingia ripoti kutoka kwa mtu wa seva yetu asiyejua Kiswahili. Alikuwa amebonyeza kitufe cha tafsiri na kushtuka. Sababu aliyoandika: huyu anachochea mauaji. Nikafungua. Posti ilitoka seva ya jirani, ya Bwana Vitendawili, maneno matano, nyani yuleyule. Sijui kama aliniwekea makusudi. Tabia yake naijua.

Nikaandika kwenye ripoti: methali, hakuna kosa. Nikaifunga. Kisha nikashuka kwenye komenti. Kulikuwa na 14, na zilikuwa zimeshawaka moto. Mmoja anasema kwao nyani hauawi, analiwa: "Ukitaka kumla nyani." Mwingine anamwambia hiyo ya kula ni ya juzi. Wa tatu anauliza kwani nyani analika. Nikafungua faili, nikaanza kumwomba ruhusa wa kwanza.